Namba ya Tairi Nyuma ya Pipa

Sikilizeni, wakubwa kwa wadogo! Mimi, Ragnfrid binti Torgeir, msomi wa bweni, nimeteuliwa kuwa Mkaguzi Mkuu wa Matairi katika bonde zima la Valdres! Uteuzi ulifanyika Ijumaa jioni, niliporudi kutoka shuleni kama kila mwisho wa wiki. Sababu yake ni moja tu: nyumbani kwetu, mimi peke yangu ndimi mwembamba wa kupenya nyuma ya pipa la Bibi.

Pipa hilo ni la samaki. Bibi Gudbjørg huwatia chumvi mwezi wa nane na kuwaacha wavunde hadi Novemba. Kisha watu wazima wenye akili zao huwala wabichi, wakifumba macho kwa raha. Mimi huziba pua. Fikiria soksi za bweni zima zimechemshwa katika maziwa yaliyochacha.

"Theluji imeshuka mlimani Filefjell," Baba alisema. "Jumatatu mama yako anavuka mlima kwenda kuwauguza wagonjwa wake wazee, na matairi yake ya majira ya baridi yamekuwa kipara. Ghalani kuna seti mbili. Manne ni ya gari letu la zamani la petroli, manne alituachia shangazi yako Åshild, aliyekuwa na gari la umeme kama letu."

"Si tairi ni tairi, Baba?"

"Thubutu! Gari la umeme limebeba betri tumboni, zito kama ng'ombe mwenye mimba. Ya shangazi yako yameandikwa namba ya uzito ubavuni, 98, yanaumudu mzigo huo. Ya petroli ni 94. Kwa macho yanafanana kama mapacha, kwa hiyo soma, uandike, uniletee."

"Mkaguzi Mkuu asisahau tochi," Mama alinitania.

Jumamosi asubuhi nikashuka ghalani. Seti ya kwanza ilikuwa mlangoni, kavu, imefunikwa magazeti. Ya pili ilikuwa nyuma ya pipa, na pipa lilikuwa limevuja. Maji ya samaki yalikuwa yamechuruzika juu ya matairi yakaganda kuwa ute wa manjano, mithili ya kamasi za ndama mwenye mafua. Manyoya ya panya yalinasa humo. Niligusa kwa kidole kimoja. Nilipokivuta, ute ukanifuata kama uzi. 

Nikarudi kwenye matairi ya mlangoni. Ningeweza kufunua gazeti na kusoma namba. Sikufunua. Asiyejua hana kosa, nilijiambia, na nikisoma nitajua. Nikafungua daftari nikaandika kwa mwandiko wa heshima: "Ukaguzi umekamilika. Matairi ya mlangoni: 98." Kisha nikaosha kile kidole mara tatu kwa sabuni ya waridi.

Baba alikuwa amekwisha kufunga magurudumu mawili ya mlangoni Bibi alipopita uani na bakuli lake. Akasimama karibu yangu. Akanusa.

"Huyu hakufika nyuma ya pipa langu."

"Nimeoga, Bibi."

"Wewe! Mimi nimeoga miaka sitini, na babu yako bado alikuwa akijua siku niliyofungua pipa."

Spana ikanyamaza. Baba akapiga magoti, akalimulika tairi, akafuta vumbi kwa kiganja. Mama alikuwa mlangoni pa nyumba, akiupanga mkoba wake wa uuguzi wa Jumatatu.

"Tisini na nne," Baba alisema.

"Labda yalichanganyika," nilijaribu.

"Ragnfrid."

 Nikatazama viatu vyangu.

"Sikusoma. Nilisikia kinyaa."

Nikatumwa tena, bila utani wa tochi. Niliyakumbatia yale matairi moja moja, ute ukaniingia mikononi, shingoni, na mara moja, Mungu anisamehe, mdomoni. Nilitapika kwenye theluji. Yote manne yalisomeka 98. Baba alikagua kashata za tairi, yale meno yanayoshika barabara, na mwaka wa kutengenezwa, akaridhika, akafungua yale mawili mabaya. Mimi nikaachiwa ndoo ya maji ya moto.

Mama alikuja akachuchumaa kando yangu na brashi ya pili.

"Kuna mgonjwa wangu mzee ng'ambo ya mlima ana kidonda kinachonuka kuliko hili pipa," alisema. "Kila Jumatatu nakisafisha, na kila Jumatatu moyo unanichafuka. Kinyaa si kosa, mwanangu. Kosa ni kuandika kwamba kazi umeifanya wakati hukuigusa. Anayekuamini ndiye atakayelipa. Uchafu huu unaoshwa. Gari lingeserereka kule juu, ungeosha nini?"

Nikasugua. Yeye pia akasugua. Kisha akauliza, bila kunitazama:

"Bibi yako asingekunusa, ungeniambia kabla sijaondoka?"

Jibu zuri lilikuwa tayari ulimini: ndiyo, Mama, usiku wa Jumapili, kwa machozi. Nilishaanza hata kuyatafuta machozi yenyewe. Akageuka akanitazama, na jibu likanikaukia mdomoni.

"Sijui, Mama. Nadhani nisingesema."

Alichovya brashi ndooni.

"Hilo ndilo neno lako la kweli kuliko yote tangu asubuhi," alisema, akanisogezea tairi la nne.