Rafiki wa Kipanga Aliyesalimia kwa Kinande

Kila siku saa kumi alasiri, Nadège Kasika alipomaliza kuosha vyombo na kufagia mbele ya nyumba, alikwenda kusimama karibu na cherehani ya mama yake bila kusema neno. Mama Élise, fundi wa sare za shule na nguo za harusi, alijifanya hamwoni. Alishona mstari mmoja, akashona wa pili, mpaka binti yake akaanza kukohoa kikohozi cha uongo.

“Telephone iko pa meza,” mama alisema hatimaye. “Lakini usimalize mega yangu yote ya internet na mambo ya ndege.”

Nadège alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na vipanga walikuwa wamemteka akili. Wenzake wa mtaa walipocheza kamba, yeye alipanda kilima kidogo nyuma ya nyumba yao huko Butembo, upande wa Rughenda, ambako uwanja wa ndege una majani mengi na panya wengi. Hapo alimtazama kipanga akiwinda. Alimjua vizuri: mgongo mweusi, kifua cheupe, mkia mfupi mwekundu wenye rangi ya tofali lililochomwa. Huyo hakuwa mwewe, yule mwizi wa vifaranga mwenye mkia wa panda. Majirani waliwachanganya wote wawili na kuwarushia mawe bila kuuliza, jambo lililomkera Nadège sana.

Mwalimu Gustave, aliyefundisha biolojia shuleni kwao, alikuwa amefungua kundi la WhatsApp kwa wanafunzi wapendao ndege hao. Aliliita Macho ya Kipanga. Watoto wa Butembo, Beni na Lubero waliandika humo yale waliyoyaona, na humo ndimo Nadège alimopata rafiki aitwaye Kapinga, msichana wa umri wake aliyeishi Bungulu, mjini Beni. Hawakuwa wameonana hata siku moja. Hata hivyo, kwa miezi mitatu waliandikiana karibu kila jioni.

Kapinga alikuwa na subira ya ajabu. Aliweza kukaa saa mbili chini ya mparachichi akingoja kipanga arudi. Ndiye aliyemfundisha Nadège kwamba kipanga huyo hutaga mayai mawili, mara chache matatu. Ndiye pia aliyemweleza kwamba kipanga mwenye watoto hawezi kuvumilia kunguru karibu na kiota chake. “Akiona kunguru, anamushukia kama jiwe,” aliandika. “Ukiona kunguru bametulia pa muti, ujue kipanga hana batoto pale.”

Urafiki huo ungeendelea vizuri kama mama asingeiona picha ya Kapinga. Katika picha hiyo alisimama kando ya mwanamume mrefu aliyevaa nguo za jeshi.

“Baba yake ni soda, askari?” mama aliuliza, mkasi ukiwa umesimama hewani. “Na Kinande, luga yetu, haisikie?”

“Hapana, mama. Bao batu ba Kasai. Baba yake balimutuma kazi pa Beni.”

“Ehe. Batu ba mbali, hauwezi jua roho yao. Siku hizi, mwanangu, fanya angalisho.”

Siku hizo watu wote walikuwa na hofu, wala hofu hiyo haikuwa ya bure. Ilikuwa mwaka 2024. Barabara ya Beni haikuaminika, na mwishoni mwa mwezi wa sita vita vilifika Kanyabayonga. Familia nyingi zilikimbilia Butembo na magodoro kichwani. Neno la mama likaingia moyoni mwa Nadège na kukaa. Alirudi kusoma ujumbe wa zamani wa Kapinga, na safari hii kila kitu kilinuka. Kwa nini siku moja Kapinga aliuliza, “Avion ikishuka pale Rughenda, kipanga anakimbia ao anabaki?” Mtoto wa askari ana shida gani na ndege zinazoshuka uwanjani?

Katika wiki hiyohiyo, mtu mpya akaingia kundini kwa jina la Nzanzu. Alisema ana miaka kumi na minne, na kwamba alikimbia vita Kanyabayonga. Asubuhi ya kwanza alimwandikia Nadège peke yake, kando ya kundi: “Wavukire.” Ndivyo Wanande wanavyoamkiana asubuhi. Nadège alipomwonyesha mama yake, uso wa mama ulichanua.

“Huyu sasa ni mutoto wa kwetu! Maskini, amekimbia vita. Umujibu vizuri.”

Nzanzu alijua kusema asante kwa Kinande, na alijua kuuliza hali ya nyumbani kama mtoto aliyelelewa vyema. Aliuliza wanaishi avenue gani. Aliuliza mama anafanya kazi gani, na kama baba yupo. Nadège alimjibu yote: baba alikuwa Lubero kwa kazi, mama alikuwa fundi, nyumba yao ilikuwa na mlango wa kijani. Nadège alipomwomba atume sauti, Nzanzu alisema kipaza sauti cha simu yake kimeharibika. Nadège aliamini. Wa kwetu hadanganyi, sivyo?

Siku ya tatu Nzanzu aliandika: “Yule Kapinga umuogope. Baba yake soda. Anakutumia ili ajue mambo ya Butembo.”

Nadège alihisi kama mtu aliyesomewa mawazo yake mwenyewe. Bila kungoja, akafungua kundi na kuandika mbele ya watu wote: “Kapinga si rafiki ya vipanga. Ni mpelelezi wa basoda. Msimjibu.”

Kundi likachafuka. Wengine walimtukana Kapinga, wengine walimwambia arudi kwao Kasai. Mwalimu Gustave alikuwa kijijini bila mtandao, hivyo hapakuwa na mkubwa wa kuwanyamazisha. Kapinga hakumtukana mtu. Aliandika tu, “Mimi nilikuja juu ya vipanga,” kisha akatoka kundini.

Dakika chache baadaye alimwandikia Nadège peke yake. “Ndeko, rafiki yangu, umenichoma roho. Lakini keba, ujichunge na ule Nzanzu. Picha alituma kundini, anasema ni kipanga wa kwao, ni mwewe. Angalia mukia, iko na panda. Tena hajauliza kitu hata kimoja juu ya ndege. Anauliza watu wanakaa wapi. Hata mimi aliniuliza.”

Nadège alisoma, akabetua midomo. Wivu huo, alijisemea. Akaizuia namba ya Kapinga.

Siku ya Alhamisi Nzanzu alileta habari tamu. Alikuwa amegundua kiota cha kipanga katika miti ya mikaratusi ng’ambo ya Rughenda. “Kiko na batoto sita,” aliandika. “Uje Siku ya Posho, saa tatu asubuhi. Uje peke yako, watu wengi watamukimbiza. Usiambie mutu, hata mama. Vijana bakisikia, batatupa mawe pa kiota.”

Posho ni Jumamosi, siku ambayo hakuna shule. Nadège aliruka kwa furaha, kisha akasita kidogo. Watoto sita? Kapinga alisema mayai mawili, mara chache matatu. Labda Nzanzu alihesabu vibaya kutoka chini. Na kuhusu mawe alikuwa na haki kabisa, kwani Nadège aliwajua vijana wa mtaa wao. Shaka ile akaimeza.

Jumamosi asubuhi alimdanganya mama yake waziwazi. Alisema anakwenda mazoezi ya kwaya parokiani, akaomba simu apige picha za wenzake. Mama alimpa, tena akamfunga vizuri kifungo cha koti lake la bluu kwa sababu ya ukungu. Nadège alishindwa kumtazama usoni.

Njia ilipita kando ya mashamba ya viazi. Wanawake watatu walikuwa wakivuna, majembe yakipanda na kushuka, na mmoja wao akamsalimia. Nadège aliitikia haraka na kuendelea hadi mahali ambapo mashamba yalikoma na miti ilianza. Hapo alisimama na kuinua macho, kama alivyozoea.

Mbingu ilikuwa tupu. Hapakuwa na kipanga aliyezunguka, wala mlio wowote. Akatazama vilele vya miti. Kunguru watano walikuwa wamekaa juu ya mikaratusi, mmoja akijichokoa manyoya chini ya bawa, mwingine akisinzia. Walikuwa wametulia kabisa.

Nadège alikumbuka maneno ya Kapinga. Kama kungekuwa na watoto wa kipanga hapa, hata mmoja, kunguru hawa wangekwisha kufukuzwa. Hapakuwa na kiota. Basi kulikuwa na nini?

Simu ikalia mkononi mwake. “Ninaona koti yako ya bleu. Ingia tu, hapana ogopa.”

Alitazama kati ya mashina. Pikipiki ilikuwa imelazwa chini ya matawi yaliyokatwa. Nyuma ya shina moja alisimama mwanamume mwenye ndevu, simu mkononi, akimtazama. Hakuwa na miaka kumi na minne, wala hata ishirini na minne.

Nadège aligeuka na kukimbia. Alikimbia bila kutazama nyuma, ndala moja ikamtoka, akaiacha. Nyuma yake pikipiki ikanguruma. “Mama! Bamama, munisaidie!” alipiga kelele. Wale wanawake watatu waliinua vichwa, na hawakuuliza swali. Walikuja mbio na majembe juu, wakipiga yowe lililosikika hadi barabarani. Pikipiki, iliyokuwa na watu wawili, ilipoona majembe ikageuza na kutokomea.

Wanawake walimpeleka kwa chef wa avenue, kiongozi wa mtaa wao. Nadège alikuwa bado akimweleza yaliyotokea pale alipoingia Mwalimu Gustave, akihema, viatu vimejaa matope, na mama Élise akiwa nyuma yake amesahau sindano kwenye kola. Mwalimu alikuwa amerudi kutoka kijijini asubuhi hiyo. Alipofika tu penye mtandao, simu yake iliita, naye akamkimbilia mama Élise, na njiani wakaambiwa binti yuko hapo.

“Ni Kapinga njo alinipigia,” alisema, akifuta jasho. “Alitumia telephone ya baba yake. Amenipigia tangu jana mara kumi. Anasema, mwalimu, utafute Nadège, ule Nzanzu hapana mutoto.”

Nadège aliangua kilio. Si kwa sababu ya hofu tu. Aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani mwake.

Chef wa avenue alichukua ujumbe wote uliokuwa kwenye simu na kuupeleka polisi siku hiyohiyo. Siku ya Jumatatu watu wawili walikamatwa. Walikuwa wateka watoto, na katika simu yao zilikutwa namba za wanafunzi wengine watano wa kundi lile. Yule aliyejiita Nzanzu hakuwahi kukimbia vita Kanyabayonga. Alikuwa mtu wa Butembo, aliyezaliwa papo hapo mjini, na Kinande chake kilikuwa safi kwa sababu kilikuwa lugha ya mama yake.

Jioni ya Jumamosi ile mama Élise hakugusa cherehani. Alimweka binti yake mbele yake.

“Ulinidanganya,” alisema. “Nilikufunga koti na mikono yangu, na wewe ulikuwa unaenda kufa. Wiki mbili hautashika telephone.”

“Ndiyo, mama. Unisamehe.”

Mama aliichomoa ile sindano kwenye kola yake. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

“Na mimi niko na kosa yangu. Nilisikia neno moja la Kinande, nikafungua mulango. Nikaona nguo moja ya soda, nikafunga. Ule tulimuogopa njo alikuokoa, na ule tulimuita wa kwetu njo alikuwa na pikipiki mu miti. Basi usikie: mutu tunamupima na ile anafanya, hapana na luga yake wala fasi alitoka. Na mutu yeyote akikuambia usiambie mama, pale pale ukimbie unieleze. Umesikia?”

“Nimesikia.”

“Sasa, ile ulisema juu ya Kapinga, ulisemea wapi?”

“Mu kundi. Mbele ya bote.”

“Basi uende uiondoe mbele ya bote. Leo tu nakupa telephone, juu ya ile kazi.”

Mwalimu Gustave alimrudisha Kapinga kundini. Nadège aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwishowe alituma maneno haya: “Nilimsingizia Kapinga. Si mpelelezi. Nilimchafulia jina kwa sababu baba yake ni askari na kwao ni mbali. Yeye alitaka kuniokoa hata baada ya mimi kumfukuza. Kapinga, ninakuomba msamaha mbele ya watu wote.”

Wengine waliomtukana wakaanza kuomba msamaha pia, mmoja baada ya mwingine. Lakini Kapinga hakujibu, si jioni hiyo, wala asubuhi. Jibu lilikuja kesho yake alasiri, mama akiwa kwenye cherehani, na ndiye aliyeliona kwanza. Alimwita Nadège alisome kwa sauti.

“Nimesoma,” Kapinga aliandika. “Baba naye amesoma. Ameniuliza kama wewe uko rafiki yangu. Nimemwambia, tutaona.”

Nadège alisoma neno la mwisho mara mbili. Machozi yalimlengalenga. Alikuwa ametumaini Kapinga atasema yameisha.

Mama Élise alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

“Ako na haki,” alisema. “Sasa ni zamu yake kukupima. Wewe uanze leo kazi ya kumuonyesha roho yako.”