Fungu la Asiyetajwa

Sogeeni wajukuu wangu, jamvi latosha. Mwenye kikohozi akimalize sasa, na hiyo simu izimwe. Hadithi hii haipendi kusemewa juu.

Kule Mtopanga alikuwako Jalila, mkewe Mahir wa bandarini, mimba yake miezi minane. Kazi aliifanyia nyumbani: kuandika kitabu cha maelekezo cha programu inayogawa nafasi ndani ya kompyuta kubwa, kila mtumiaji na fungu lake. Wiki hiyo alikuwa kwenye ukurasa wa fungu la kawaida. Na kama alivyozoeshwa chuoni, akiandika husoma kwa sauti, maana andiko lisilosomwa halionyeshi kosa lake.

"Yeyote asiyetajwa," akasoma, "asiyewekewa fungu lake mwenyewe, atapata hili la wote: kumi."

Ilikuwa saa saba, jua la utosi. Nyuma yake mtu akaitika, "Abee."

Akageuka. Hapana mtu.

Kwenye orodha aliyoiweka ya kujaribia, watumiaji walikuwa sita. Sasa saba. Wa saba hana jina, na nafasi yake yajaa. Akamfuta, naye akarudi. Siku ya pili wali ukapungua sufuriani na kifuniko hakijafunuliwa. Ya tatu nyumba ikanuka udongo mbichi, kama kaburi lililochimbwa asubuhi, na kila harufu ilipozidi mtoto tumboni alitulia, akatulia kuliko jana, hata Jalila akawa ni kuketi kiganja tumboni akingoja teke lisilokuja, akisikia karibu na sikio lake kitu kikimeza, polepole, kama mtu anywaye uji asiyekuwa na haraka.

Jirani yake, Bi Mishi, akamletea Mwalimu Mohdhar wa Junda. Mzee akafukiza ubani, akatega sikio ukutani, akanong'ona:

"Mwanangu, ulisema asiyetajwa apewe. Humu wasiotajwa ni wawili. Huyu amewahi, na sasa ala fungu la mwenziwe aliyeko tumboni."

"Mfukuze, Mwalimu!"

"Uliyemkaribisha kwa ulimi hafukuzwi, hunyimwa. Mtaje mtoto. Jina lake, na fungu lake la umri. Akishatajwa, hagusiki."

"Kabla hajazaliwa? Na siku ya saba ya kumpa jina je?"

"Wallahi, siku ya saba hutaifikia naye."

Harufu ikapanda hadi kooni, ubani ukazimika wenyewe, na kule kumeza kukawa kwa pupa sasa, sikio hili na sikio lile, na tumbo likawa zito, baridi, kama mtungi.

"Ummulkheir!" Jalila akapiga ukelele. "Fungu lake..." Na ulimi, uliokuwa wiki nzima ukikariri nambari moja ya ukurasa ule, ukaitoa ileile: "Kumi!"

Mwalimu akafumba macho. "Ungesema, alilomwandikia Mungu."

"Nirudie kusema! Nirudie, baba!"

"Limeshasikika."

Ukutani kitu kikacheka, kicheko cha aliyeshiba, kikatoka mlangoni. Harufu ikakatika. Mtoto akapiga teke.

Mahir hakuambiwa. Jalila alifariki kwa presha, bintiye ana miaka minane. Kompyuta akairithi Gedion, mwenzake wa kazi; cherehani akairithi Bi Mishi; nyumba akairithi Mahir. Ummulkheir alirithi leso za mamake, jozi ishirini. Babake amezikunja juu ya kabati, asema atazivaa akiwa mwari.

Mwezi ujao, inshallah, atimiza kumi.