Albamu Iliyomtoa Gaudence Nyumbani

Ndugu zangu, haya yalitokea hapahapa ughaibuni, katika mji wetu wa Euless, mwaka 2018, katika nyumba ambayo wengi wetu tumekula.

Vital na mkewe Gaudence waliishi kwa utulivu. Miaka kumi na minne ya kambi ya wakimbizi ilikuwa nyuma yao. Vital alipakia mizigo uwanja wa ndege; Gaudence alitunza wagonjwa katika makao ya wazee. Jumamosi mchana walipika sombe, yaani majani ya muhogo, na Vital, kiongozi wa kwaya yetu, alimfundisha mkewe sauti ya pili huku akikoroga sufuria. Aliyepita alikaribishwa.

Kule makao ya wazee kulikuwa na mzee Wendell, fundi wa ndege mstaafu. Kiharusi kilimnyang'anya maneno, na baadaye akaanza kufumba mdomo kila alipoletewa kijiko. Binti yake, Carol, akakumbuka albamu moja ya hevi metali, muziki wa magitaa ya kishindo, ambayo baba yake aliipiga karakanani tangu miaka ya themanini. Jalada lake lilikuwa na fuvu la kichwa na moto. Siku walipomwekea, vidole vya mzee vilianza kugonga shuka kufuata ngoma, kisha akafungua mdomo. Gaudence akamlisha bakuli zima.

Carol akamwazima Gaudence CD ya albamu ile. Gaudence akawa anaisikiliza garini, ajue wapi ngoma inakimbia na wapi inatulia, maana mzee alimeza pale ilipotulia. Polepole akaipenda. Gitaa zile zilimwondolea uchovu wa zamu ndefu. Mimi mwenyewe siuelewi muziki huo, lakini je, kila tusichokielewa ni kibaya?

Jumapili moja alimpa lifti ya kwenda kanisani jirani yake, mwanamke aitwaye Faustine. Alipowasha gari, CD ikaendelea ilipokuwa imeishia: ngurumo, na mtu anapiga mayowe. Gaudence akazima, akacheka, akaanza kueleza. Faustine hakusikia tena neno. Macho yake yalikuwa kwenye lile jalada. Kabla ya Jumatano habari ilikuwa imefika hadi mji jirani wa Fort Worth kwamba mke wa kiongozi wa kwaya ameingia dini ya shetani. Jumapili iliyofuata wanawake walimwachia benchi akae peke yake. Nami nilikuwepo, nikanyamaza.

Na Vital? Hapo ndipo panaponiuma. Hakumwuliza mkewe. Aliona aibu mbele za watu, akaitupa CD kwenye pipa la taka, akakataa kula alichopika, akamtaka aiache kazi iliyoleta mambo hayo.

"Papa Zoé," Gaudence akamwambia, kwa jina la binti yao mkubwa, "tumekimbia vita pamoja. Wewe ndiwe uliyepaswa kuwa wa kwanza kuniuliza."

Vital akatoka nje. Gaudence akaacha kazi, akaenda kwa dada yake katika mji wa Stafford, mwendo wa saa nne na zaidi kwa gari.

Siku ya kumi Carol akabisha hodi mlangoni kwa Vital. Alieleza kwamba baba yake amekonda. Wauguzi wanampigia ule muziki kwenye simu, lakini hawajui lini wampe kijiko. Alikuwa anamtafuta Gaudence. Ndipo Vital akauliza yale aliyopaswa kumwuliza mkewe. Aliposikia yote, alikiri kuwa ndiye aliyeitupa CD, akaomba apelekwe kwa mzee.

Akasimama kando ya kitanda, akasikiliza. Mtu wa kwaya anajua mapigo. Ngoma ilipotulia akapeleka kijiko, mzee akameza. Kijiko cha tatu alipokimaliza, mzee akafumba mdomo, akageuza macho mlangoni, akayaacha huko. Vital akaelewa anangojwa nani.

Kesho yake asubuhi aliendesha gari hadi Stafford. Alizungumza mbele ya shemeji yake, bila kujitetea.

"Mama Zoé, nilisikiliza watu wote isipokuwa wewe. Unisamehe."

Gaudence akauliza, "Mzee anakula?"

"Jana nilimpa vijiko vitatu."

"Ngoma ikiwa inakimbia?"

"Hapana. Nilingoja itulie."

Gaudence akainuka kwenda kuchukua begi lake.

Alirudi kazini, na mzee Wendell akanenepa. Kanisani Vital mwenyewe alisimama akaeleza kosa lake. Kisha Lévi, mpiga ngoma wetu, ambaye mapigo yake hutuinua vitini kila Jumapili, akaomba neno. Alisema alijifunza kupiga ngoma kambini kutoka kanda kuukuu ya albamu ileile, na miaka yote aliogopa kusema. Kanisa zima likacheka, Gaudence akacheka kuliko wote. Faustine akavuka safu tatu za viti, akakaa naye, akamshika mkono hadi ibada ilipokwisha.

FUNZO

Umbea huvunja nyumba pale mwenye nyumba anapoufungulia mlango. Ukiona kwa mwenzako jambo usilolielewa, mwulize yeye kabla hujawaambia wengine. Na ninyi wenye ndoa, mume au mke wako asiwe mtu wa mwisho kusikilizwa.