Mikono Iliyofichwa Ndani ya Kitenge

Lukresia aliishi Mjimwema, Songea, na mumewe Rupert na mama mkwe wake, Notburga. Mwaka ule wa 1993 alijifungua mtoto wa kwanza, wa kiume. Majirani wote walikuja kumpakata. Ni bibi yake mtoto, Notburga, peke yake ambaye hakumgusa.

Kila akipelekewa mtoto, Notburga alificha mikono ndani ya kitenge. "Mwache alale, mwanangu," alisema.

Lukresia aliumia moyoni. "Mama hampendi mtoto wetu," alimwambia Rupert. "Au hanipendi mimi."

Asubuhi moja ya baridi kali, Lukresia alimkuta mama mkwe wake chumbani akihangaika na vifungo vya sweta. Vidole vyake vilikuwa vimevimba na kukakamaa. Machozi yalimtiririka.

"Mama! Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipoanza. Nikiamka havikunjuki mpaka jua lipande. Nilinyamaza, watu wasije wakasema nimerogwa. Na mtoto... ningempakata vipi? Ningemwangusha, Lukresia."

Lukresia alipiga magoti, akamfunga vifungo kimoja kimoja. Wote wawili walilia.

Siku hiyo hiyo alimwita jirani yao Emerensiana, nesi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Emerensiana aliishika mikono ile taratibu. "Huu ni ugonjwa wa viungo. Wengine huuita baridi yabisi. Hakuna aliyekuroga, mama. Lakini usiseme ni uzee tu ukakaa nao. Uko wa namna nyingi. Twende hospitali wakupime, upate dawa inayokufaa."

"Mbona nanunua vidonge? Siku hizi kila duka wanauza."

"Hivyo ndivyo vinavyonitia hofu. Vingine huharibu tumbo na figo. Vingine hudhoofisha mifupa."

"Kwani mifupa nayo huugua?" Lukresia aliuliza.

"Sana. Mwanamke akishakoma siku zake, mifupa hupungua nguvu kimyakimya. Haisikiki hata kuuma. Siku akiteleza kidogo, mkono unavunjika, au nyonga. Kwa hiyo mama, usijifungie ndani. Tembea, ota jua. Kula dagaa, tena pamoja na mifupa yake, na mboga za majani. Maziwa yakipatikana, kunywa."

Hospitalini Notburga alipewa dawa. Alifundishwa pia kukunja na kukunjua vidole ndani ya maji ya uvuguvugu. Rupert alimwaga kokoto kwenye njia ya chooni, iliyokuwa ikiteleza.

Ugonjwa haukuisha kabisa. Lakini maumivu yalipungua, na Notburga akaanza tena kutoka kuwasalimia majirani.

Jioni moja Lukresia alimkalisha mkekani, akamwekea mito chini ya viwiko.

"Mama, mtoto hashikwi kwa vidole. Anashikwa kwa mikono yote."

Akamlaza mtoto mikononi mwake. Notburga akamvuta kifuani.

"Karibu, mume wangu," alimnong'oneza mjukuu wake. "Nimekusubiri sana."

Lukresia aliondoka polepole kwenda kuinjika uji. Huku nyuma alimsikia mama mkwe akianza kuimba kwa Kingoni.