Mauti ya Ghanim

Upepo uliwakuta Rumaitha na Maram katikati ya ramla, jangwa la mchanga la Oman, mji wa Mudhaibi uko mbali nyuma yao, na kufumba na kufumbua gari la kaka yao Ghaith lililokuwa mbele likapotea. Rumaitha, aliyeshika usukani, alifuata alama za magurudumu mpaka nazo zikafutika. Gari lao likapanda kilima cha mchanga, likasita kileleni, likabiringika.

Injini ilikufa. Simu hazikushika mtandao. Mguu wa Maram ulikuwa umevunjika chini ya goti.

Rumaitha, muuguzi wa hospitali ya Ibra, aliufunga kwa vyuma vya hema na mtandio wake. Mikono ilifanya kazi yake kwa upole, moyo haukuwamo. Maram alikuwa mtoto wa ami yake, na ndiye aliyeolewa na Bassam, wakati Rumaitha nyumbani kwao anangoja posa ya Bassam huyo huyo. Alipiga vigelegele harusini kama wenzake. Tangu hapo alimkwepa Maram.

Walikuwa wamekuja kumzika Ghanim, kaka wa babu yao Marhoun. Mwaka wa sabini na tano, wametoka Unguja si zamani, ndugu hao waliingia mchangani na msafara wa kutafuta maji. Siku moja wakatangulia wawili peke yao. Marhoun alirudi kwa miguu. "Gari limekwama," alisema. "Ghanim alikataa kutembea. Kiu imemuua." Gari lilitafutwa, halikuonekana. Baadaye akamuoa Kaltham, mchumba wa marehemu, bibi yao. Sasa Marhoun amekwisha kufa, na Hood, Mbedui mwenye ngamia, ameona paa la gari kuukuu likichomoza mchangani.

Vumbi liliposhuka, paa lenyewe lilikuwa pale pale bondeni. Rumaitha alikwenda kuchungulia, akarudi midomo imemkauka.

"Ghanim yumo," alisema. "Amefungwa."

"Amefungwa vipi?"

"Mikono yote miwili, kwenye usukani. Kwa waya."

"Kwa hivyo babu..."

"Ndiyo. Babu."

"Kwa sababu ya bibi!"

Rumaitha aliukaza upya mtandio mguuni mwa Maram.

Kulipokucha ilibaki chupa moja ya maji. Rumaitha akaichukua.

"Naenda kutafuta njia."

"Na mimi ninywe nini?"

"Anayetembea ndiye anayeyahitaji."

Lilikuwa neno la maana, na alijua silo lililomwinua. Alipanda kilima bila kugeuka, mchanga ukimvuta miguu. Moyoni alimwona Bassam analia, naye yuko karibu yake, anamtuliza. Atamwambia nini? Ulimi ukajisemea wenyewe, kwa sauti: "Maram alikataa kutembea."

Yalikuwa maneno ya babu. Alikaa kitako juani, chupa kifuani. Kisha akateremka mbio, akianguka, akiinuka.

Alimpakata Maram kichwa, akamnywesha kidogo kidogo. Maram alimkazia macho.

"Ulikuwa hurudi."

"Nilikuwa sirudi."

"Kwa sababu ya Bassam?"

"Kunywa, Maram."

Rumaitha alichimba chini ya ubavu wa gari, wakalala kwenye mchanga wa baridi. Jua lilipopanda, Rumaitha alilitoa gurudumu la akiba, akalimwagia petroli na kulitia moto. Moshi mweusi ukasimama wima. Ghaith na Hood walipotokea, Maram alikwisha kuanza kuweweseka.

Ghanim alizikwa hapo hapo, baada ya polisi kumkagua.

Nyumbani Ibra, Bibi Kaltham alisikiliza yote, macho chini. Maram alikuwa kitandani kando yake, mguu umo ndani ya plasta.

"Nimezaa naye watoto saba," bibi alisema mwishowe. "Kila Ramadhani tukimsomea Ghanim khitma, naye akilia. Wallahi, akilia kweli." Akainua uso. "Na nyinyi huko, maji alikuwa nayo nani?"

Maram alitazama ukutani.

"Mimi, bibi," alisema Rumaitha. "Nikaondoka nayo."

Bibi alimtazama mpaka Rumaitha akadhani atafukuzwa. Kisha akasogea kwenye godoro, akapapasa mahali palipobaki wazi kati yake na Maram.

"Njoo ukae hapa," alisema. "Nieleze ulirudi vipi. Taratibu. Nataka kujua mtu anarudi vipi."