Ncha ya Mkia wa Kamba

Kila siku Yuk-ching alipika wali, mboga na samaki wa mvuke. Kamba wa kukaanga hakuwagusa tena. Mwezi uliopita mafuta yalimrukia, yakamchoma chini kidogo ya jicho.

Sasa mama mkwe wake alikuwa anatimiza miaka sabini. Jumapili ndugu wote wangekuja kwao, mjini Shunde, na mzee alitaka kamba wa siki na sukari, wapikwe nyumbani. Mume alisema wanunue hotelini. Yuk-ching akakataa. Wangesema ni mkwe gani huyu anayeogopa karai.

Basi akaenda kwa jirani, Bibi Ngan, aliyepika hotelini miaka mingi. Bibi alitaka kujua alifanyaje siku ile. Akaeleza kwamba aliwaosha, akawachuja, akawatia kwenye mafuta na mikia yao mizima. Kwao kamba wa sherehe lazima awe na mkia.

"Mwanangu, mle mkiani mna maji," Bibi Ngan alisema. "Yakikutana na mafuta ya moto, yanaruka. Kata ncha tu kwa mkasi, kisha kamua kwa mgongo wa kisu. Mkia utabaki."

"Mama ataona."

"Acha aone. Bora mkia upungue ncha kuliko wewe upungue jicho."

Akamfundisha na mengine. Kamba akaushwe vizuri kwa kitambaa, apakwe unga wa viazi, aingizwe taratibu pembeni mwa karai. Mafuta yasifike nusu. Kifuniko kiwe karibu. Mafuta yakishika moto, zima jiko, funika, na maji usimwage kamwe. Rojo la siki, sukari na nyanya lipikwe peke yake, kamba waingie mwishoni.

Jumapili Yuk-ching aliingiza kamba wa kwanza huku amekunja uso. Mafuta yakatoa povu dogo, basi. Akaingiza wa pili. Kufika wa kumi, mabega yake yalikuwa yameshuka.

Mezani, mama mkwe aliinua kamba kwa vijiti, akautazama mkia. Yuk-ching akaeleza kwa sauti ndogo habari ya maji.

Mzee akapandisha mkono wa blauzi. Ngozi ilikuwa na madoa ya zamani ya kuungua, mengi.

"Miaka arobaini na tano narukaruka jikoni kama chura," alisema. "Na Ngan yupo hapo nyuma ya ukuta tu, hajaniambia."

Akala kamba sita. Kisha akamwuliza mkwewe mkasi wenyewe uko wapi.