Mpasuko Kwenye Turubai

Jua lilikuwa linazama fundi alipoegesha kigari chake chini ya miti, mwisho kabisa wa uwanja wa kambi. Juu ya paa kulikuwa na hema alilolishona kwa mkono wake, na njia nzima watu walimcheka, maana gari lilionekana kama kobe aliyetwishwa godoro. Fundi hakujali. Miaka yote alikuwa akishona viti vya magari ya watu. Sasa alikuwa ameshona chumba cha kulala juu ya gari lake mwenyewe, naye alikuwa na sababu.

Sababu ilikuwa mkewe; safari hii ilikuwa ya kupatana naye. Mkewe, aliyekuwa muuguzi, alikuwa amechoshwa na uongo wa mumewe, ule mdogo mdogo wa kila siku, akamwambia bila kupepesa macho kwamba akimdanganya tena, hata kwa jambo la kipuuzi, Jumatatu anahamia kwa dada yake.

Walipanda ngazi. Kila mmoja alipoingia, gari lilishuka kidogo kwenye springi zake, nyiii, halafu likatulia.

"Kunanuka," mkewe akasema.

Ilikuwa harufu ya nywele mbichi zilizofungiwa kwenye mfuko.

"Hili turubai umelitoa wapi?"

"Dukani. Jipya."

Mkewe akawasha tochi ya simu, akamulika juu. Mshono mrefu ulikatiza paa la hema, na kando yake turubai lilikuwa limepauka kwa uzee.

"Jipya, eh?"

Akachukua blanketi lake, akashuka kwenda kulala kiti cha nyuma. Gari likapanda. Mlango ukabamizwa.

Fundi akabaki ameelekea ukuta wa hema, roho ikimuuma. Kusema ukweli kungempunguzia nini? Turubai lililetwa karakana na mama mmoja mwenye macho makali. Lilikuwa na mpasuko, naye alitaka kingo zake zipigwe pindo tu. "Usiuzibe," alisema. "Anapitia hapo." Fundi alidhani anamsema paka wake. Mama hakurudi tena, na kwa mafundi mzigo usiofuatwa huishia kuwa wa fundi. Alipolitandaza kwenye fremu ya hema aliuziba ule mpasuko kwa uzi wa viti, akarudia juu yake mara ya pili, maana nani analala chini ya paa lenye tundu?

Gari likashuka.

Nyiii...

Amerudi, fundi akawaza, na moyo ukamtulia. Hakugeuka. Alihisi mtu akijilaza nyuma yake, kisha nyayo za baridi zikagusa zake.

Hakuwa amesikia ngazi. Hilo alikuja kulikumbuka baadaye.

"Nisamehe," akanong'ona. "Turubai si jipya."

 Harufu ile sasa ilikuwa shingoni mwake.

"Umenifungia..." sauti ikanong'ona nyuma yake.

Ngo, ngo, ngo. Mtu alikuwa anagonga paa la gari kutokea chini.

"Wewe," mkewe akaita kutoka kiti cha nyuma. "Unaongea na nani huko?"

 Kucha zikaanza kukwaruza mshono juu ya kichwa cha fundi. Tk. Tk. Lakini uzi wa viti haukatiki kwa kucha, na fundi aliujua uzi wake. Kile kitu kikaacha mshono, kikamkalia kifuani, kizito, na kiganja cha baridi kikamziba mdomo na pua. Alipapasa mfukoni. Wembe wa kufumulia. Akaunyoosha juu gizani, akauchana mshono wote kwa mkupuo mmoja.

Uzito ukaondoka. Gari likapanda.

Kitu kiliteleza kwenye paa, kikashuka ubavuni. Chini, mlango ukafunguliwa kwa nguvu na nyayo zikakimbia.

Halafu mlango ukafungwa, taratibu.

Kimekimbia, fundi akajiambia. Akaruka chini, akaingia mbele, akawasha gari. Kwenye kioo aliliona blanketi limejikunja kiti cha nyuma, limefunika mtu mpaka kichwani. Akaondoka hivyo hivyo, hema liko wazi, ngazi ikiburuzika kwenye changarawe.

Walipofika barabara kuu maneno yakamtoka, asiweze kuyazuia. Alimweleza habari za yule mama, pindo na mpasuko, kisha uongo mwingine wa zamani ambao mkewe hakuwahi hata kuuliza. Alikuwa analia. Hakuwa amewahi kumwambia mtu ukweli mwingi kiasi kile.

"Mke wangu, sema chochote. Nitukane, basi."

Blanketi halikujibu. Simu ikatetemeka kwenye dashibodi, akaipokea bila kuitazama.

"Uko wapi?" Alikuwa mkewe, anahema. "Niko kibandani kwa mlinzi wa kambi. Nilikiona kile kitu kinashuka, nikakimbia. Mbona umeniacha?"

 Kwenye kioo, blanketi lilikuwa linajikunjua.

"Nakusikia unaendesha. Uko na nani?"

Mkono wa baridi ukatua begani mwake. Harufu ikajaa gari zima.

"Mwambie uko peke yako," kitu kikanong'ona sikioni.

 Fundi alitaka kusema kweli, kwa mara ya kwanza alitaka kwa moyo wake wote.

"Niko peke yangu," akasema.

 Mkewe aliutambua uongo wake hata kwenye simu.

"Unanidanganya tena," akasema, akakata.

Nyiii... Mtu wa nyuma alikuwa anahamia kiti cha mbele.